Herufi Milioni Nne Ndani ya Tone la Ziwa

Hotuba iliyotolewa Kigoma mbele ya wavuvi, wachuuzi wa samaki, wauza dawa, wahudumu wa afya ngazi ya jamii na wanafunzi wa sekondari. Msemaji ameiandika upya kwa ajili ya wasomaji.

Mwakeye, wazee wangu. Asalaam aleikum. Bwana Yesu asifiwe. Na ninyi wanafunzi mliosimama kule nyuma kwa kukosa viti, habari za asubuhi.

Nianze na swali ambalo si langu. Juzi alfajiri nilikuwa Kibirizi, nimechuchumaa ukingoni na chupa mkononi, nachota maji pale mitumbwi inapofunga. Mama mmoja alikuwa anaanika dagaa. Akanitazama, akaniacha nijaze chupa yangu, kisha akauliza maji yale nayapeleka wapi. Nikamwambia nayapeleka maabara kutafuta vimelea vya kipindupindu, na nikivipata nitavisoma vinasaba, herufi kwa herufi. Akageuza dagaa wake upande wa pili bila kusema kitu. Halafu akasema: "Kipindupindu sisi tunakijua, mwanangu. Tumezika watu. Wewe ukishakisoma, kitakwambia nini tusichokijua?"

Nilimpa jibu fupi, na nilimwona usoni kwamba halikumtosha. Nikamwomba aje leo. Amekuja, yuko safu ya pili. Shikamoo, mama. Yote nitakayosema asubuhi hii ni jibu lako, na hawa wengine wanasikiliza kwa ruhusa yako.

Ni kweli, hapa Kigoma hakuna wa kufundishwa kipindupindu ni nini. Mei 2015 watu waliokimbia machafuko Burundi walimiminika Kagunga, kijiji kilichobanwa kati ya mlima na ziwa, wakati ule hakifikiki ila kwa maji. Makumi ya maelfu wakalala ufukweni. Liemba, meli iliyoundwa Ujerumani mwaka 1913, ikawa inakwenda na kurudi kuwaleta huku mjini. Vyoo vya kuwatosha hakuna, na maji ya kunywa ni yale yale ya ziwa. Kabla mwezi haujaisha wagonjwa walikuwa takribani 3,000, na watu wapatao 30 walikuwa wameshafariki, wengi wao wakimbizi. Humu ukumbini wamo waliobeba machela siku zile. Waliyoyaona ni yao, siwezi kuwasimulia mimi.

Lakini baada ya kila mlipuko hubaki swali moja: kimelea kile kilitoka wapi? Kilipanda boti pamoja na watu, au kilikuwa humu humu ziwani kikingoja? Msidhani ni swali la wasomi tu. Kama kilikuja na msafiri, utaweka nguvu bandarini na kumtibu msafiri mapema. Kama kinaishi hapa, basi kumnyooshea kidole mgeni ni kumwonea, na wakati unamwonea yeye, maji ya kisimani kwako yanaendelea kuua.

Swali lenyewe ni la zamani. Mwaka 1869 kipindupindu kilipoingia Zanzibar, daktari mmoja aliyekuwa akifanya kazi Unguja, James Christie, alilifuatilia kwa njia iliyokuwepo wakati ule, yaani kuuliza watu. Alikusanya habari za wafanyabiashara wa misafara, ugonjwa waliuacha wapi na waliukuta wapi, akaunganisha njia za bara na za majahazi. Njia kuu ya misafara ya bara mnajua inaishia wapi. Inaishia Ujiji, hapo tu. Kazi ya Christie naiheshimu sana. Ila watu husahau, wengine huficha, wengine hufa kabla hawajaulizwa. Kimelea chenyewe hakisahau, kwa sababu safari yake imeandikwa mwilini mwake.

Imeandikwaje? Ndani ya kila bakteria mna uzi wa vinasaba, na uzi huo umeandikwa kwa herufi nne tu, A, T, G na C, zikipangwa na kurudiwa. Uzi mzima, mwanzo hadi mwisho, ndio jenomu. Ya Vibrio cholerae, kimelea cha kipindupindu, ina herufi kama milioni nne. Zimegawanyika katika kromosomu mbili za mviringo, kubwa yenye karibu milioni tatu na ndogo yenye milioni moja na ushee. Ukizinakili kwenye madaftari, herufi 2,000 kila ukurasa, utajaza kurasa 2,000. Ilipochapishwa nzima kwa mara ya kwanza, mwaka 2000, ilikuwa kazi ya kundi kubwa la watu. Leo iko mashine inayoenea kiganjani, inachomekwa kwenye kompyuta ya mapajani kama unavyochomeka simu.

Mashine hiyo ina utando wenye vitundu vidogo kupita kiasi, na umeme unapita humo. Uzi wa vinasaba unavutwa kupitia kitundu. Kila herufi inapopita huziba kitundu kwa namna yake, mkondo wa umeme unatikisika, na kompyuta inaugeuza mtikisiko kuwa herufi. Wavuvi wa mshipi watanielewa kuliko wanafunzi. Gizani, kabla hujamwona samaki, mkono wako unajua kama ni kuhe au ni mgebuka, kwa namna anavyovuta. Kompyuta inafanya hivyo hivyo, mara mamilioni.

Ila kabla ya mashine iko kazi ya mikono, na moyo wangu uko huko zaidi. Yale maji ya Kibirizi kwanza nayatia kwenye mchuzi wa maabara wenye ualkali, mfano wa maji yaliyotiwa magadi, kwa kuwa vibrio hustahimili hali hiyo kuliko bakteria wengi. Ziwa letu nalo lina tabia hiyo. Kwenye kipimo cha pH maji yake ya juu yanakaribia 9. Baada ya saa kadhaa nachukua tone la mchuzi na kulipaka kwenye kisahani chenye chakula cha rangi ya kijani, nakiweka kwenye joto la mwili wa mtu, nakwenda kulala. Asubuhi nafungua. Juu ya ujani ule yamejitokeza madoa ya manjano, bapa, ya mviringo, yanang'aa kama matone ya samli juu ya jani la mgomba. Kila doa ni mamilioni ya watoto wa bakteria mmoja aliyekuwa akielea pale mitumbwi inapofunga. Nimeyaona mara nyingi, na bado kila nikifunua kifuniko moyo unaruka. Doa la manjano peke yake halithibitishi kipindupindu, maana wako vibrio wengine wanaotoa rangi hiyo hiyo. Kwa hiyo nachukua doa moja, naliotesha peke yake, natoa vinasaba vyake, ndipo nasoma.

Niwatambulishe ukoo wenyewe. Vibrio wana spishi zaidi ya 100, na wengi ni watu wa baharini. Yuko Vibrio parahaemolyticus, anayewaharisha wanaokula chaza na kamba wasioiva. Yuko Vibrio vulnificus, anayeingia kwenye kidonda kilichogusa maji ya chumvi na anaweza kumwua mtu ndani ya siku chache. Yuko pia mmoja mpole anayeishi ndani ya ngisi mdogo wa Hawaii na kumpa mwanga wa usiku. Huyu wetu wa kipindupindu asili yake ni midomo ya mito, pale maji baridi yanapokutana na chumvi, lakini mito na maziwa anayamudu vizuri.

Mwishoni mwa karne ya 19 alikuja hapa Mwingereza mmoja, J. E. S. Moore. Alipowaona konokono wa Tanganyika, na yule kiumbe laini kama yavuyavu ambaye wavuvi mnakutana naye, aliamini ziwa hili ni kipande cha bahari ya kale kilichosahaulika bara. Alikosea, ziwa ni la bonde la ufa. Lakini namwelewa. Ukisimama Katonga upepo wa kusini ukivuma, wewe mwenyewe utasema ni bahari. Na vibrio naye habagui bahari na ziwa. Anachohitaji ni joto, ualkali kidogo, na ganda la kujishikiza.

Hilo ganda nataka tulikalie kidogo, kwa sababu nikiulizwa mambo yote yanaanzia wapi, nitajibu yanaanzia hapo. Majini mna vijidudu vidogo kama punje ya chumvi, vinaitwa kopepodi. Ndio chakula cha dagaa wetu. Ganda lao limetengenezwa kwa kitini, kitu kile kile kilichomo kwenye gamba la kaa na bawa la panzi. Vibrio hujishikiza hapo kwa wingi mkubwa. Kule Bangladesh, kundi la mtafiti Rita Colwell lililitumia jambo hilo kwa namna inayonifurahisha hadi leo. Waliwafundisha akina mama wa Matlab kuchuja maji kwa sari kuukuu iliyokunjwa mara kadhaa. Kopepodi wanakwama kwenye nguo, na vibrio wanakwama nao. Matokeo yalichapishwa mwaka 2003: katika vijiji vilivyochuja hivyo kipindupindu kilipungua karibu nusu. Sari kuukuu, si mpya, kwa sababu nguo ikifuliwa sana nyuzi zake hufumuka na matundu hupungua. Sisemi mkachuje kwa kanga mkaacha kuchemsha. Chemsheni, au tieni dawa ya maji. Nasema tu kwamba kumjua mdudu anakokaa kuliokoa watu hata kabla ya mashine.

Sasa, akiwa pale juu ya ganda, vibrio anafanya nini? Mwaka 2005 ilithibitishwa kwamba akigusa kitini huamsha jeni, yaani vipande vya jenomu vyenye maagizo ya kazi fulani, za kuvuta ndani vinasaba vilivyozagaa majini, vya bakteria wengine, hata waliokufa. Mwaka uliofuata kikagunduliwa chombo chake kingine. Ndani ya mwili wake ana kitu kama chusa, anakirusha kwa nguvu kumchoma bakteria aliye jirani. Mwaka 2015 mambo hayo mawili yakaunganishwa. Akiwa juu ya kitini anamchoma jirani, jirani anapasuka, vinasaba vyake vinamwagika, naye anavivuta na kuvitia kwenye jenomu yake. Mchana kutwa, juu ya punje inayoliwa na dagaa, kuna kuvamiana na kunyang'anyana jeni.

Mama, hapo ndipo jibu langu linapoanzia. Ukali wa kimelea hiki haukuzaliwa nacho. Mwaka 1996 Matthew Waldor na John Mekalanos walionyesha kwamba jeni za sumu ya kipindupindu huletwa na virusi, aina inayowashambulia bakteria, inayoitwa faji. Faji anaingia, anajichomeka kwenye jenomu, na kuanzia hapo bakteria anatoa sumu ile inayoufanya utumbo umwage maji, mpaka mtu mzima aweze kupoteza lita nzima kwa saa moja. Na faji anaingilia wapi? Anaingilia kwenye vinywele vile vile ambavyo bakteria anavitumia kujishika kwenye utumbo wetu. Asiye na faji huyo anaweza kukuumiza tumbo, lakini kwa kawaida hawezi kuleta mlipuko kama wa Kagunga. Kwa hadubini wote wawili ni vijiti vilivyopinda kama koma. Kwenye kisahani wote ni manjano. Ukisoma jenomu unawatofautisha mchana kweupe.

Usugu wa dawa nao ni hivyo hivyo, sehemu kubwa ni mali ya kuazima. Wizara inauita UVIDA, usugu wa vimelea dhidi ya dawa. Mwaka 1992 mjini Chennai, India, ulizuka kipindupindu cha aina mpya, na katika vimelea vyake kilikutwa kifurushi cha vinasaba kinachoitwa SXT. Kifurushi kimebeba jeni za kushinda dawa kadhaa kwa pamoja, na kina uwezo wa kujichomoa kwa bakteria mmoja na kuhamia kwa mwingine kama abiria anayebadilisha boti. Usugu mwingine hauhitaji hata kuazima. Kubadilika kwa herufi moja mahali maalumu, kati ya zile milioni nne, kunatosha kuidhoofisha siprofloksasini, ile mnayoiita sipro.

Na sipro ina kisa kingine kinachohusu maji. Hospitali za dunia zilikuwa zinahangaika na jeni moja inayowakinga bakteria dhidi ya dawa za kundi hilo. Watafiti wakaitafuta asili yake, na mwaka 2005 wakaikuta ndani ya jenomu ya Shewanella algae, bakteria wa majini ambaye wengi wetu hatutawahi kusikia jina lake tena. Ilitoka majini, ikaingia wodini. Tulizoea kudhani usugu unazaliwa hospitali kisha unamwagika kwenye maji. Kumbe njia hiyo ina kwenda na kurudi.

Naomba niwarudishe nyumbani sasa. Nikiwa na miaka tisa nilikanyaga chupa ufukweni. Bibi yangu alinipeleka duka la dawa la mtaani, tukauziwa vidonge viwili vya rangi mbili. Viwili tu. Kimoja nikameza kwa chai. Cha pili bibi akakipasua kwa kucha na kuninyunyizia unga wake kidondani, unga wa manjano, unawasha. Nani humu hajafanyiwa hivyo? Bibi alinipenda, na alifanya alichoambiwa. Jioni nilikwenda kuoga ziwani, na nakumbuka nilivyosimama kwenye maji ya magotini nikiangalia ule umanjano ukijitenga na mguu wangu na kwenda zake. Nilikuwa mtoto, nikaona ni kitu kizuri. Leo najua tetrasaiklini ile ilikwenda kukutana na nani.

Tetrasaiklini hiyo ina historia katika nchi yetu, na inaniuma kwamba haifundishwi mashuleni. Kipindupindu kilipotushambulia mwaka 1977, dawa hiyo ilitumika kwa wingi sana, kwa wagonjwa na kwa wazima pia kama kinga. Mwanzoni kimelea kiliisikia dawa vizuri. Baada ya miezi mitano, asilimia 76 ya vimelea vilivyooteshwa maabara havikuisikia tena, na vilikuwa vimeshazikataa dawa nyingine pia. Miezi mitano tu! Mtoto aliyetungwa mimba mlipuko unaanza alikuwa hajazaliwa. Ripoti ilitoka mwaka 1979, ikasomwa dunia nzima, na mpaka leo hutajwa kama onyo. Onyo hilo lilitoka kwetu.

Wakati ule hakuna aliyeweza kusoma jenomu nzima. Miaka 40 baadaye jambo la namna hiyo lilitokea Yemen, na safari hii lilisomwa. Mlipuko ulipoanza kule mwaka 2016, kimelea chake kilikuwa bado kinasikia dawa nyingi, na jenomu zilionyesha kilipitia Afrika Mashariki kabla ya kuvuka. Wajawazito na watoto wakawa wanatibiwa kwa dawa za kundi la azithromaisini. Mwishoni mwa 2018 karibu vimelea vyote vilivyosomwa vilikuwa vimebeba plasmidi, yaani kipete cha ziada cha vinasaba, chenye jeni za kushinda dawa hizo na nyingine nyingi. Kipete hicho kilikutwa pia kwa ndugu zake wengine waliokuwepo kule kule, wasio wa mlipuko ule. Hapo waliazimana.

Kwa hiyo nikirudi kwenye lile swali la Kagunga, la kimelea kilichotoka mbali au cha hapa hapa, jenomu inajibu namna gani? Kwa kuhesabu herufi. Katika ukoo wa kipindupindu unaoitesa dunia tangu 1961, herufi kama tatu hivi ndizo hubadilika kila mwaka katika jenomu nzima. Ni saa inayokwenda polepole, lakini inakwenda. Ukipata vimelea viwili vinavyotofautiana herufi moja au mbili, hao wameachana juzi. Hivyo ndivyo ilivyojulikana kwamba kipindupindu kilichoingia Haiti mwaka 2010, nchi ambayo haikuwa imekiona kwa miaka mingi, kilikuwa ndugu wa karibu kabisa wa kile cha Nepal. Mwaka 2017 watafiti walichapisha jenomu za vimelea zaidi ya 1,000, nyingi zikiwa za Afrika, zikichukua karibu nusu karne. Walikuta kwamba tangu 1970 ukoo huo umeingizwa barani kwetu kutoka nje angalau mara 11, na kwamba walioingia miaka ya karibuni walifika wakiwa tayari wamebeba usugu.

Kwa hiyo anasafiri. Lakini msiishie hapo, kwa sababu iko habari ya jirani zetu wa Ziwa Victoria. Watafiti, wakiwemo wa Chuo Kikuu cha Sokoine, walichukua samaki, maji na mwani kutoka ziwa lile wakati ambapo hapakuwa na mlipuko, na wakakuta vibrio wenye jeni kamili za sumu. Walipowasoma, walikuwa wa ukoo ule ule unaosafiri duniani. Yaani msafiri akishafika, anaweza kupanga chumba. Anaingia na watu, anapata ganda la kujishikiza, anakaa, anaazimana na wenyeji. Kigoma ni mwisho wa reli, lakini kwa kiumbe huyu, mwenye ziwa la kilomita zaidi ya 670 mbele yake na nchi nne pembezoni, hapa ni stesheni ya katikati.

Mama, najua nyuma ya swali lako kulikuwa na swali lingine, na hukuliuliza kwa heshima. Unaogopa nikisema nimekuta vibrio Kibirizi, kesho redio itatangaza dagaa wa Kigoma wana kipindupindu, na gari la kutoka Dar halitapakia mzigo wako. Una haki ya kuogopa. Yamewahi kutokea kwingine duniani, samaki wa watu maskini wakakataliwa kwa hofu tu. Kwa hiyo nalisema hili mbele ya wote. Vibrio hastahimili ukavu, na hastahimili moto. Dagaa aliyekauka sawasawa juani akapikwa sawasawa si njia ya kipindupindu. Njia ni maji unayooshea sufuria, mikono, mboga mbichi, na maji ya kunywa yaliyochotwa pale pale watu wanapojisaidia.

Na ninyi wenzangu wa maduka ya dawa muhimu, sikuja kuwagombeza. Mgonjwa anakuja na shilingi 500, anataka vidonge viwili, na usipomuuzia anakwenda duka la pili. Najua. Ila mgonjwa wa kipindupindu anauawa na upungufu wa maji kabla ya kitu kingine. Mwaka 1971, katika kambi ya wakimbizi huko Bangaon, India, daktari Dilip Mahalanabis aliishiwa na dripu, akaanza kuwanywesha wagonjwa maji yenye chumvi na sukari ya glukosi. Vifo vikashuka kutoka karibu asilimia 30 hadi chini ya 4. Pakiti ya ORS ndiyo mtoto wa kambi ile. Mteja wa kuharisha akija, mpe ORS kwanza, mwelekeze kituo cha afya, na kidonge aandikiwe huko na anayejua ni dawa gani bado inasikika mwaka huu. Na rangi mbili zisimwagwe vidondani tena. Bibi yangu angekuwa hai ningemwambia hivyo hivyo.

Wanafunzi, nisiwadanganye kwamba mashine inamaliza kazi. Jeni ya usugu kuwepo si lazima iwe inafanya kazi, na usugu mpya hauna jina kwenye kompyuta mpaka mtu auone kwa macho. Kwa hiyo bado tunaweka vile vidude vya karatasi vyenye dawa juu ya kisahani na kupima kwa rula uwazi uliobaki pembeni yake. Mtu anayejua rula na anayejua kompyuta, tunamhitaji awe mtu mmoja, na awe anakaa hapa. Sampuli ikichukuliwa Kigoma ikasafirishwa mbali, majibu yanarudi mlipuko umekwisha na makaburi yameshaota majani. Ndiyo maana nasema kusoma kufanyike huku, na kufanyike sasa, kipindi ziwa limetulia na hakuna anayeumwa. Wakati wa mlipuko kila mtu anakimbilia mgonjwa, na ni sawa. Nani anakumbuka kuchota maji?

Hivyo ninaomba mambo machache. Jumanne saa kumi na mbili asubuhi nitakuwa Kibirizi tena. Natafuta mtumbwi unaorudi kutoka kuvua, unipe maji ya juu na ya kina cha mita 20 kutoka pale ulipotega, pamoja na kopepodi nitakaowachuja kwa wavu wangu mdogo. Mwenye nafasi anione hapa mlangoni. Na kwako, mama, nataka kununua dagaa wabichi, kilo moja, kabla hujawaanika, na kilo nyingine ya wakavu wa siku hiyo hiyo, kwa bei unayomuuzia mtu yeyote. Nitaotesha wote wawili. Nikipata majibu nitayaandika kwa Kiswahili kwenye karatasi moja, na karatasi hiyo itabandikwa kwanza kwenye ubao wa BMU, kikundi cha usimamizi wa mwalo, pale mwaloni, usome wewe kabla haijasomwa Dar.